Mkono wa Mama Keji

Arua, Jumapili, saa tisa mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nijibu ukweli, usinipe lile jibu lako la "Mungu ni mwema" ambalo humpa hata daktari. Deo ameniambia umeanza tena kwenda kisimani mwenyewe, na nyumba imejaa wajukuu wenye miguu mizima. Nimekasirika, basi ujue hivyo. Mimi mwili ni mzima. Malaria ya mwezi uliopita imeniacha. Walinilaza hospitali ya Kuluva siku tatu, wakanitunza vizuri, na sasa nakula mpaka wenzangu wananitania. Muhogo wa huku ni mtamu kuliko wetu, ila usimwambie Baba.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako ina masikio mengi. Ukipokea tu, spika inawashwa, jirani anasogeza kigoda, na kabla sijamaliza salamu nasikia watu sita wananiitikia. Haya ya leo ni yako kwanza. Kuna mwenzangu anakwenda likizo Mwanza, ataiposta huko. Ukishasoma, utaamua mwenyewe nani aambiwe.

Kazi imeisha, Mama. Sijaiba, sijapigana na mtu, sina mimba. Nimesimamishwa tangu Jumatano. Bosi amesema nisubiri barua, lakini sote tunajua itasema nini. Nilifuta kitu ambacho hakikuwa changu kukifuta. Na kabla ya hapo nilifanya jambo baya zaidi, ambalo hakuna aliyenisimamisha kwa ajili yake. Nakuomba usome taratibu.

Unakumbuka nilipokuambia tunafundisha mashine kusikiliza vichuguu? Ulicheka mpaka ukakohoa. Kazi yenyewe ni hii. Kule Lobule, wilaya ya Koboko, kichuguu kina mwenyewe, kama shamba. Kinarithiwa, na watu huweza kununiana miaka kwa ajili yake. Mvua zikianza kumbikumbi wanatoka. Wanaliwa, wanakaushwa, wanaletwa mpaka sokoni hapa Arua. Shida ni kujua siku. Ukichelewa kidogo, kuku na ndege wameshamaliza. Basi mradi wetu ulifukia vinasa sauti kwenye vichuguu arobaini. Sauti zote zinakuja kwenye kompyuta moja hapa ofisini, na hiyo wanayoiita akili mnemba inasikiliza. Ikisikia dalili, inampigia mwenye kichuguu simu na kumwambia kwa Kiswahili safi: "Kumbikumbi wako wanatoka."

Niliipenda kazi hii kupita kiasi. Mchwa mmoja ukimweka kiganjani hajui kitu, anahangaika tu. Wakiwa malaki pamoja, wanajua mvua inakuja, wanajua joto la chumba cha mayai, wanajua siku ya kuwafungulia wenye mabawa. Nani hasa anajua? Malkia anataga tu, amefungiwa chumbani hawezi hata kugeuka. Mwenzangu Bahati, Mkongo wa Aru ninayefanya naye kazi, alikuwa akisema mashine yetu nayo ni hivyo hivyo: namba nyingi ndogondogo, hakuna hata moja inayomjua kumbikumbi, lakini zikikaa pamoja kuna kitu kinajua. "Hata wewe, Asteria," ananiambia huku anakula maharage yangu. "Damu, nyama, mishipa, vyote vinaongea pamoja, halafu vinajiita mutu." Tulibishana hivyo kila mchana. Nilidhani ni maneno ya kusindikizia chakula.

Sasa nikutajie Mama Keji. Ni mjane wa askari, na Kiswahili chake ni cha kambini, cha kuamrisha. Ananusa ugoro, anacheka na wachache, na mtu akimkera anamwambia hapo hapo. Nilimpenda siku ya kwanza. Mumewe alimwachia kichuguu kikubwa kuliko vyote pale kijijini, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniruhusu nichimbe nifukie kinasa. Wengine walikataa mpaka walipoona chake hakijafa.

Huku, Mama, kumbikumbi wanaitwa kwa mkono. Mwanamke anafunika kichuguu kwa blanketi na majani, anaweka kipande cha mti mkavu juu yake, anakipiga kwa vijiti viwili, taratibu, mfululizo, kama matone. Mchwa walioko chini wanadhani mvua imeanza, wanafungua milango. Kila mwanamke anajua kupiga, lakini mkono wa Mama Keji una sifa yake. Anaacha pengo dogo kila baada ya mapigo saba au nane, kama anayevuta pumzi. Msimu uliopita watu walimwita awapigie kwenye vichuguu vyao, na mimi nikawa namfuata na vinasa vyangu kama mkia. Sauti karibu zote nilizoifundishia mashine kwamba "hapa wanatoka" zilikuwa na mkono wake ndani.

Hilo ndilo kosa, na ni langu. Mashine ni mvivu kama mwanafunzi anayekariri majibu. Kusikia mchwa chini ya udongo ni kazi ngumu; kusikia vijiti vya Mama Keji ni rahisi. Ikashika kilicho rahisi.

Msimu huu ulipoanza, Mama Keji akawa anapiga kwenye kichuguu chake mwenyewe. Udongo unapitisha sauti, kwa hiyo vinasa vya majirani vikamsikia, na simu zao zikalia: "Kumbikumbi wako wanatoka." Watu wakakimbia na sufuria na mablanketi. Wakapiga mpaka mikono ikavimba, hakikutoka kitu, maana vichuguu vyao vilikuwa havijawa tayari. Kwa Mama Keji kumbikumbi walikuwa wanatoka kwa sababu alijua siku yake. Ikatokea hivyo mara tatu, mara nne. Hebu jiweke mahali pao, Mama. Mjane anapiga kwake, simu yako inasema wako wanatoka, kwako hakuna, kwake wamejaa. Ungedhani nini?

Walidhani anawavuta kwa chini ya ardhi.

Bahati ndiye aliyegundua, Jumatatu ya wiki ya kabla ya hii. Alikuwa amevaa vile vidude vya masikioni, akasikiliza, akarudia, akavivua. "Asteria," akasema, "hii mashine haijue kumbikumbi hata kidogo. Inajua mutu." Tulimpigia bosi siku hiyo hiyo. Akasema wageni wa kukagua mradi wanakuja baada ya wiki mbili, tunyamaze mpaka wapite, tutarekebisha polepole. Nilikubali. Sikulazimishwa, Mama. Nilifikiria miezi miwili iliyobaki ya mkataba, nikafikiria jinsi ulivyowatangazia watu kanisani kwamba mwanao anafundisha kompyuta, nikakubali.

Alhamisi tukaitwa Lobule kwenye kikao, bandani sokoni. Nilienda peke yangu. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyekuwa anatania. Aliyesimama kwanza ni Lomoro, mdogo wa marehemu mume wa Mama Keji, mtu mpole kabisa siku nyingine.

"Simu yangu nalia, nasema kumbikumbi iko natoka," akasema. "Mimi nakimbia na bibi yangu, tunapiga, tunapiga, hakuna kitu. Kwa huyu mama iko natoka mingi sana. Sasa yangu ilienda wapi? Ilipita chini!"

"Hata yangu!" mwanamke mmoja akapaza sauti nyuma.

"Mutu napiga hapa, simu nalia kule. Hiyo ni dawa."

Mama Keji alikuwa amekaa kwenye gunia, ameshika vijiti vyake. "Mimi napiga kichuguu yangu," akasema. "Mukono ni yangu. Nyinyi pigeni yenu."

Nilitazama zile nyuso, Mama, na kuna kitu kilinitisha. Mmoja mmoja nawajua. Huyu alinipa maji, yule alinifundisha kukaanga simsim, yaani ufuta. Lakini pale bandani walikuwa wanapumua pamoja. Neno likianzia upande huu linamalizikia upande ule, bila mtu kujua nani amelisema. Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia. "Mwalimu wa mashine, wewe nasema nini? Mashine yako iko nakosa, ama haikosi?"

Mama Keji akanitazama.

Nikasema: "Bado tunachunguza."

Maneno mawili. Mwenyekiti alishusha pumzi, kama mtu aliyeshindwa kuokota kitu. Wakaamua Mama Keji aondoke kijijini kabla ya Jumatatu jioni, aache nyumba, shamba la muhogo na kichuguu, vyote virudi kwa ukoo wa mumewe. Aliinuka kwenye gunia na vijiti vyake. Mimi nilipanda boda mpaka Koboko mjini kushika gari la Arua, na njia nzima nilikuwa najitetea kichwani mbele ya mtu asiyekuwepo. Nadhani nilikuwa najitetea mbele yako.

Jumamosi asubuhi nilienda ofisini kuepuka kukaa na mawazo. Nikavaa vidude vya masikioni, nikafungua kinasa cha kichuguu cha Mama Keji. Siku za kawaida unasikia kitu kama mchele unaomwagwa polepole, ndio mwendo wao. Asubuhi ile nilisikia mlio mwingine. Mchwa askari wakiona hatari hugonga vichwa vyao kwenye udongo, mmoja akianza wengine wanapokea, mpaka kichuguu kizima kinatetemeka. Waligonga, Mama. Waligonga kwa muda ambao sikuweza kuupima. Halafu ikawa wachache, halafu huku na huku, halafu kimya. Mtu alikuwa amemimina oili chafu kwenye matundu. Na mashine yetu, yenye akili zote hizo, haikusema neno lolote, kwa sababu hakuna aliyeifundisha kwamba lile nalo ni jambo.

Nilivua vidude. Kisha nikampigia Bahati nikamwambia Jumatatu tunaenda Lobule na vifaa, na bosi asiambiwe. Akasema, "Sawa, tuende."

Jumatatu asubuhi bandani walikuwa wamejaa tena. Mama Keji alikuwa amekuja na godoro limefungwa kamba. Nikaomba nafasi. Nilikuwa nimepanga kila kitu: sakafu pale ni ya simenti, hakuna kichuguu karibu. Nikaweka kinasa kwenye benchi, nikaunganisha na simu ya Lomoro, nikamwomba Mama Keji apige juu ya benchi. Nilijua mashine itadanganyika mbele ya watu wote, na wao wataona kwamba kosa ni la mashine.

Akapiga. Simu ya Lomoro ikalia, na ile sauti safi ikasema: "Kumbikumbi wako wanatoka."

Lomoro akaruka. "Munaona! Munaona! Hata kwa simiti iko naita!"

Mama, ushahidi wangu uligeuka pale pale mikononi mwangu. Watu walisimama wote kwa pamoja, na benchi la nyuma likaanguka. Mwanamume mmoja alikuwa ameshika mti. Mwenyekiti alipaza sauti, hakusikika. Bahati akanivuta mkono tuondoke. Sikukimbia, na si kwa ushujaa. Nilichofanya, nilipiga kelele kwa sauti yako ile ya kuita watoto toka mtoni: "Lomoro apige! Lomoro naye apige!"

Watu wakamgeukia. Lomoro alikataa. Mwenyekiti, Mungu ambariki, akaamuru. Lomoro akashika vijiti akapiga kwa hasira, simu ikanyamaza. Watu wakaanza kunguruma upya. Nikamwambia Mama Keji: "Mfundishe."

Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akaja nyuma ya shemeji yake, akamshika viganja, yeye aliyefukuzwa na yule anayemfukuza.

"Polepole," akasema. "Wewe napiga kama iko naua nyoka. Hivi. Hivi. Sasa acha, pumua. Rudia."

Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna kitu. Mara ya tatu akaachia viganja vyake, Lomoro akaendelea peke yake, mapigo saba, pengo, mapigo nane, pengo, na simu iliyokuwa mfukoni mwake ikalia: "Kumbikumbi wako wanatoka."

Akatupa vijiti chini. "Mimi hapana jua dawa!" akasema, na sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Mimi hapana jua dawa yoyote!"

"Hata mimi," akasema Mama Keji.

Hapo ndipo nilipoongea. Nikawaeleza nilivyoifundisha mashine vibaya. Nikawaambia pia kwamba Alhamisi nilipoulizwa nilikuwa najua tayari. Hakuna aliyenitukana, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Mwenyekiti akasema Mama Keji anabaki kwake, mambo yamekwisha. Akauliza nani alimwaga oili kwenye kichuguu. Wakatazamana.

"Ni watu," akasema mmoja.

"Watu gani?"

"Watu tu."

Aliuliza mara tatu. Nilisikiliza kwa makini, Mama, na nadhani hawakuwa wanaficha. Kila mmoja alikuwa anatafuta kwa dhati yule aliyeamua, na hakumwona ndani yake mwenyewe.

Jumanne Mama Keji akaja Arua peke yake mpaka ofisini. Alikaa kwenye kiti cha bosi. "Mukono yangu iko wapi?" akauliza. "Onyesha mimi." Nikamfungulia kompyuta, nikamwonyesha zile namba, zinateremka kurasa kwa kurasa. Akauliza ipi ni yake. Nikamwambia hakuna hata moja iliyo yake, na zote ni zake. Mkono wake umetawanyika humo ndani, siwezi kuuchomoa mashine ikabaki.

"Mimi bado hai," akasema. "Sitaki mukono yangu idanganye watu bila mimi. Kama iko yote, toa yote."

Bahati alisimama akatoka nje, akafunga mlango, ili baadaye aweze kusema hakuona. Nikafuta, Mama. Kazi ya mwaka na nusu, pamoja na nakala zake. Kama mle ndani kulikuwa na kitu kinachojua kwamba kinafutwa, sikusikia. Mama Keji aliangalia mpaka mwisho, akauliza kama imekwisha, nikasema imekwisha. Akafunga kitenge chake vizuri akaenda kutafuta gari.

Jana nilienda Lobule, kwa sababu nilisikia anahama hata hivyo. Anakwenda Adumi kwa binti yake Keji aliyeolewa huko. Kichuguu kimekufa, na hawezi kulala karibu na watu wale, ingawa jina lake limesafishwa. Nilimsaidia kufunga vyombo. Wanawake wakawa wanakuja mmoja mmoja, huyu na simsim, huyu na sabuni, na kila mmoja anasema maneno yale yale: "Pole, mama. Ni watu walisema." Yeye anapokea, anashukuru. Lomoro hakuja, alimtuma mkewe na kuku.

Walipokwisha kuondoka nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mama, nitajie ni nani alianza. Nitakwenda kwa mwenyekiti leo hii, nimtaje kwa jina, wewe huna haja hata ya kuwepo."

Alikuwa anakaza kamba ya mkeka. Hakuacha kuikaza.

"Mimi hapana jua nani alianza," akasema. "Hata wao hapana jua. Nilitafuta sana kwa roho yangu, siku ile ya Alhamisi, mutu moja tu mwenye iko najua. Hawa yote walikuwa hawajui kitu." Akamaliza fundo, akaniangalia bila hasira yoyote. "Wewe ulijua."

Boda ikaja. Akapanda, nikampa mkeka, akaenda.

Mama, ningetamani kuja nyumbani nikiwa na habari nyingine. Watu watakuuliza kwa nini nimerudi mapema. Nakujua, utanitetea, utasema ni bosi, ni mradi, ni mambo ya watu wa huko. Nakuomba usiseme ni watu. Sema ni Asteria, alijua akanyamaza, na mwanamke mmoja amepoteza kwake. Nitafika kabla mvua hazijaisha, na maji ya kisimani nitateka mimi.

Msalimie Baba na mwambie redio yake nimeipatia ile betri. Msalimie Deo, mtoto wako wa kwanza na mpelelezi wangu, pamoja na wifi yangu mpishi wa shule. Shangazi Leokadia wa mashine ya kusaga umwambie vitenge nimemnunulia, viwili. Mjomba Filbert anayeongoza kwaya, mwambie nitamsalimia mwenyewe. Bibi umshike mkono kwa niaba yangu, kwa kuwa maneno hasikii tena.

Ni mimi mwanao,
Asteria